Blanketi la Mama Mkwe

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama nje ya hema langu mwenyewe, mgambo kanishika ukosi wa shati, na watu wanaulizana nimeiba nini.

Kwa aliyekosa gazeti, maelezo ni mafupi. Naitwa Lusajo, kwetu Tukuyu, na kazi yangu ni afisa mifugo huku Kibondo. Nilikuja Kasulu kwenye lile tamasha kubwa la muziki, uwanja ule wa njia ya Titye, ambako watu hulala humohumo kwenye mahema kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili. Wenzangu walifunga mahema yao kwa kamba. Mimi nilifunga la kwangu kwa kufuli, nikapoteza ufunguo, nikalichana kwa kisu ili niingie. Jirani akapiga yowe.

Aliyeniokoa ni Nicodemus, mwalimu wa huko Kibondo, Muha wa palepale, rafiki yangu na pia mshenga wangu.

"Mwachie," alimwambia mgambo. "Huyo anaiba mali yake mwenyewe."

Watu wakacheka, mgambo akaniachia. Nikabaki na hema la peke yake uwanja mzima: mbele lina kufuli, nyuma lina tundu la kupita ndama.

Ningekuwa na sufuria na viatu tu, nisingejali. Lakini ndani ya hema mlikuwa na blanketi la mama mkwe.

Nampenda Josepha. Naliandika hili wazi mapema, kwa sababu mtakayosoma leo yanaweza kuwafanya mdhani nilipenda blanketi. Josepha ni nesi pale Kibondo, na nyumbani kwao ni Nyakitonto. Baba yake alishafariki. Mwenye sauti katika ukoo ni baba yake mdogo, Mzee Majaliwa, ambaye pia ndiye kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoalikwa kwenye tamasha. Kwa kuwa ndugu wote wangekuja kumshangilia, Mzee aliona hakuna haja ya kukutana mara mbili. Akatuma neno: mchumba aje ajitambulishe hapohapo uwanjani, Jumapili mchana, ngoma zikishateremka jukwaani.

Zawadi ya mama ilikuwa blanketi. Nililinunua mwenyewe: zito, jekundu, lina tausi aliyepanua mkia, limo kwenye mfuko wake wa plastiki wenye zipu na mshikio. Josepha alipoliona alifurahi, kisha akaacha kufurahi.

"Lusajo, sikiliza. Hilo ni la mama. Usilikalie, usijifunike, hata usilikunjue uone linakaaje kitandani. Huku kwetu blanketi alilolalia mkwe halipewi mabukwe."

"Mabukwe?"

"Mama mkwe. Kuna kijana mmoja wa Titye alisahau akakaa kwenye kitanda cha mama mkwe wake. Alikaa tu, akafunga kamba za viatu. Uchumba ukafia hapo, na aliyesema ufe ni baba mdogo Majaliwa."

Nikacheka. Josepha hakucheka.

Nilipaswa kujua. Mwaka mzima tangu tuanze uchumba nimekuwa nikikutana na mama yake, Mama Immakulata, na mwaka mzima tumesalimiana kwa kugeuziana mabega, kama desturi inavyotaka. Akija, mimi naacha njia naingia kwenye majani. Sura yake siijui. Namjua kwa viatu: raba nyeupe zenye kamba nyeusi.

Basi Ijumaa ile mchana, hema limechanika na blanketi liko mikononi, nikamuuliza Nicodemus tuliweke wapi.

"Lizike," alisema. "Wakimbizi wa kambi ya Mtabila walikuwa wanachimba chini ya mkeka, wanazika vitu vyao vya maana, wanalala juu. Hakuna aliyeibiwa."

"Nikilizika nikalala juu yake, si nitakuwa nimelalia blanketi la mama mkwe?"

Nicodemus alifikiri kwa makini. Ni mwalimu wa uraia, anaheshimu vifungu.

"Kwa sheria, ndiyo," alikubali. "Tuachane na Mtabila."

Tukaenda kwa Bi Mwanaamina.

Bi Mwanaamina ana duka la mablanketi na mikeka mjini Kasulu. Kwenye tamasha alikuwa amefunga turubai kubwa karibu na lango na kutundika kibao: WEKA MZIGO UKACHEZE. Utaratibu wake ulinifurahisha mpaka nikatamani kuuiga ofisini. Anachukua kipande cha mwanzi, anakipasua katikati kwa urefu. Nusu anaifunga kwenye mzigo, nusu anakupa. Siku ya kuchukua unaleta nusu yako, anaziunganisha. Nyuzi za mwanzi zikikataana, huondoki na kitu.

"Mwizi anaweza kukuiba wewe mzima," aliniambia, "lakini mpasuko wa mwanzi hauigiki. Hili blanketi la nani?"

"La mama mkwe."

"Maashallah. Unalihitaji lini?"

"Jumapili mchana. Kabla ya hapo lisiguswe."

"Jumapili," alirudia, akilipapasa kupitia plastiki. "Zito, maashallah. Haya, nenda kacheze."

Nikaenda kucheza. Niliporudi kwenye hema langu, mwizi alikuwa amepita kwenye tundu. Sufuria ilikuwepo. Viatu vilikuwepo. Alikuwa amechukua blanketi langu la kujifunikia, lile kuukuu la tangu chuoni, ambalo hata mimi nilikuwa nalionea haya. Nilicheka kwa furaha. Nilimwambia Nicodemus, unaona akili hiyo? Angekuta la mama mkwe ingekuwaje?

Asiyeijua Kasulu ya mwezi wa saba atauliza kwa nini furaha ile haikudumu. Huku ni milimani. Jua likishaondoka, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Ijumaa nililala nimevaa nguo zangu zote pamoja na suruali ya Nicodemus, na Jumamosi niliamka nakohoa kama mbuzi mwenye homa ya mapafu, ugonjwa ninaoujua vizuri kwa kazi yangu.

Jumamosi magharibi nilikuwa kwa Bi Mwanaamina.

"Nikodishie blanketi, mama yangu. Lolote."

"Yote yamekwenda, mwanangu. Hata la kwangu nimempa mtu." Akanitazama nikitetemeka. "Lakini wewe si unalo hapa?"

"Lile halitumiki."

"Kwani ni picha ya kutundika ukutani?"

"Ni la mama mkwe."

"Mama mkwe wako atapenda blanketi lipone na mkwe afe?" Alitikisa kichwa. "Mimi jambo hilo siliwezi. Blanketi limekaa ndani ya plastiki, kavu, halina kazi, na kiumbe cha Mungu kinagonga meno mbele yake. Sijui mnalelewaje siku hizi."

Nilimtazama Nicodemus. Nilitaka anizuie. Mshenga kazi yake ni kuzuia.

"Mwiko ni kulala nalo," alisema Nicodemus polepole. "Josepha alisema usilikalie na usilale. Hakusema usikae ukiwa umelitupia mabegani."

"Alisema nisijifunike."

"Kujifunika ni kwa mtu aliyelala. Aliyekaa anajitanda."

Nataka msomaji ajue kwamba nilipinga. Nilipinga mpaka kikohozi kikanikatisha. Kisha nikatoa nusu yangu ya mwanzi, Bi Mwanaamina akaiunganisha na ya kwake, nyuzi zikakubaliana, nikaondoka na mfuko. Mpango ulikuwa kukaa wima, nimejitanda, macho wazi, mpaka asubuhi.

Nililala mpaka jua likanipiga usoni kupitia tundu. Sijawahi kulala vizuri namna ile tangu nihamie mkoa wa Kigoma. Blanketi nilikuwa nimejiviringishia mpaka masikioni, na mkia wa tausi ulikuwa chini ya kichwa changu.

"Nani ameona?" aliuliza Nicodemus, akipiga mswaki.

"Wewe."

"Mimi mshenga. Mshenga haoni."

Tukalikung'uta, tukalikunja kufuata mistari ya kiwandani. Ilikuwa kazi ya watu wawili na tuliifanya kwa heshima. Na pale tulipokuwa tunakunja pembe ya mwisho, kitu kikadondoka miguuni pangu.

Ilikuwa rozari. Shanga za mti, na mahali ilipowahi kukatika ilikuwa imeungwa kwa uzi mweusi.

"Yako?" nilimuuliza Nicodemus.

"Mimi Mpentekoste, Lusajo."

"Basi imetoka kiwandani?"

Tulitazamana. Kiwanda gani kinatia rozari ndani ya blanketi? Nikaishika mkononi, nikatoka mbio kwenda langoni.

Bi Mwanaamina alikuwa amezungukwa na watu wanaochukua mizigo, kila mmoja na kipande chake cha mwanzi hewani. Aliponiona akatabasamu.

"Umepona. Nilisema mimi."

"Bi Mwanaamina, kabla sijalichukua jana, hili blanketi lililaliwa?"

Hakuona haya hata kidogo.

"Ijumaa. Alikuja mama mmoja mtu mzima, ameshuka kwenye lori la kwao, mzigo wake umebaki njiani. Anatetemeka, maskini. Nikasema, kuna kijana ana blanketi lake hapa, hana shida nalo mpaka Jumapili. Nikamlaza humu humu kwenye turubai langu. Mzigo haukutoka nje ya ulinzi wangu hata hatua moja."

"Nilikwambia lisiguswe."

"Lisiguswe na mwizi. Yule si mwizi, yule ni mzazi."

Nilihisi baridi ya usiku ikinirudia, na jua lilikuwa limeshapanda.

"Katokea wapi huyo mama?"

"Nyakitonto. Shemeji yake mpiga ngoma."

Nilijua, lakini nikauliza. Kuna maswali mtu anauliza ili achelewe.

"Alivaa viatu gani?"

"Raba nyeupe. Sasa kilichonichekesha, kamba zake nyeusi."

Nikakaa juu ya gunia la mtu.

Hebu tulipange pamoja, maana mimi kwa wakati ule nilishindwa. Mama mkwe amelalia blanketi Ijumaa bila kujua ni la nani. Mkwe amelilalia Jumamosi bila kujua nani alilitumia kabla yake. Kijana wa Titye alikaa kitandani kwa muda wa kufunga kiatu, uchumba ukafa. Mimi na Mama Immakulata, ambao hatujawahi kutazamana usoni, tulikuwa tumelala kwenye blanketi moja kwa zamu.

"Niuzie lingine," nilisema. "Lingine kama hili. Twende dukani sasa hivi."

"Duka limefungwa, na funguo anazo mume wangu Saady. Yuko Ujiji msibani mpaka kesho." Kisha akainama kwangu, amekumbuka jambo. "Tena huyo mama, jana jioni ulipoondoka tu..."

Hakumaliza. Kijana mmoja alikuwa ameleta nusu ya mwanzi iliyokataana na nusu ya begi alilolitaka, mwenye begi wa kweli akatokea nyuma yake, na ugomvi ukaanza. Bi Mwanaamina akaingia katikati na kanga yake kiunoni. Sikusubiri. Niliona nimeshasikia vya kutosha.

Nawaomba mkikumbuke hicho nilichoacha kukisubiri.

Josepha nilimkuta nyuma ya jukwaa, akiwasaidia wapiga ngoma wa baba yake mdogo kufunga mavazi yao. Nilikuwa nimeamua kumwambia yote. Nilianza vizuri. Nilimwambia juu ya Bi Mwanaamina, juu ya lori, juu ya mama yake na baridi ya Ijumaa. Nikamwonyesha rozari.

Alishika mdomo. Nikafikiri analia, kumbe anacheka.

"Mama ameitafuta hii tangu jana. Kwa hiyo blanketi lake ameshalilalia kabla hajapewa?"

"Ndiyo."

"Basi hakuna shida. La kwake ni la kwake, hata akilianza mapema. Nitamwambia rozari imeokotwa kwenye turubai la mizigo, tena si uongo." Akafuta machozi ya kicheko, akanitazama. "Ubaya ungekuwa kama na wewe ungelilalia. Hukulilalia, si ndiyo?"

Swali lilikuwa dogo na jibu lake lilikuwa neno moja. Nikachagua sentensi.

"Mimi na baridi ya kwetu Tukuyu, Josepha, nitatetemeshwa na Kasulu?"

Akaniamini. Alinipiga kidogo begani, akachukua rozari, akaondoka anaimba. Nikabaki nakohoa nyuma ya spika.

Ngoma za Mzee Majaliwa zilipigwa saa sita na uwanja mzima ulisimama. Sikusikia hata moja. Nilikuwa nafanya hesabu za watu wanaojua. Mama hajui blanketi alilopewa na Bi Mwanaamina ni la nani. Josepha hajui nililala. Nicodemus ni mshenga, haoni. Bi Mwanaamina yuko langoni na mizigo yake. Kadiri nilivyohesabu, nilianza kuona kwamba nimepona. Mama atashangaa kidogo kuona tausi anayemfahamu, Josepha atamnong'oneza, watacheka wawili, na mimi nitaoa.

Wazee walikaa kwenye mikeka chini ya turubai la ukoo. Mzee Majaliwa alikuwa bado na jasho la ngoma na taji la nyuzi kichwani. Mama Immakulata alikaa upande wa wanawake, mgongo umenigeukia kama inavyotakiwa. Nikainamisha macho, nikaziona raba nyeupe.

"Amahoro," alisema Mzee Majaliwa.

"Amahoro," tukaitika.

"Huyu ndiye Bwana Mifugo?"

"Ndiye, mzee," alisema Nicodemus. Kisha akasimama na kufanya kazi aliyoshindwa kuifanya Jumamosi. Nicodemus akiongea mbele ya wazee ni mtu mwingine. Aliwasifu marehemu na walio hai. Alinisifu mimi mpaka nikageuka kumtafuta anayesifiwa. Mwisho akaunyanyua mfuko kwa mikono miwili.

"Na hili ni la mama yetu. Limetoka dukani likaingia katika mfuko huu, na kutoka katika mfuko huu linaingia mikononi mwenu. Halijaguswa na mtu."

Sikumtuma aseme hilo. Hakuna aliyemtuma. Mshenga akishikwa na ufasaha, hakuna mgambo wa kumshika ukosi.

"Ego," alisema Mzee Majaliwa, ameridhika. "Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mfunikeni mama yenu."

Mama wawili wakafungua zipu, wakalikunjua. Tausi akapanua mkia wake juani. Wakapiga vigelegele na kuanza kulipeleka mabegani pa Mama Immakulata. Josepha alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, anajizuia kucheka.

Mama Immakulata akainua mkono.

Vigelegele vikakatika. Alilishika blanketi kwa pembe, akalipapasa, akalinusa.

"Hili nalijua," alisema. "Ijumaa nilikuja mzigo wangu umebaki njiani. Yule mama wa mizigo alinipa hili nikalala nalo. Nilimwombea mwenye nalo rozari nzima, nilivyokuwa nimepoa mwili."

Josepha akaachia kicheko, na wanawake wawili watatu wakacheka naye. Hata Mzee Majaliwa alitikisa kichwa, akasema kwamba Mungu naye ana mizaha. Nilivuta pumzi yangu ya kwanza tangu asubuhi.

"Sijamaliza," alisema Mama Immakulata.

Akaliweka blanketi mbele yake kwenye mkeka.

"Jana jioni baridi ilikuwa ileile. Nikarudi kwa yule mama kuliomba tena. Akaniambia nimechelewa. Mwenye blanketi amekuja na mwanzi wake, amelichukua, amekwenda kulala nalo."

Kicheko cha Josepha hakikuisha polepole. Kilikatika.

Mzee Majaliwa alivua taji lake akaliweka chini. Nicodemus, ambaye alikuwa bado amesimama, aliketi bila kuambiwa.

Ndipo Mama Immakulata alipogeuka. Aligeuka mwili mzima juu ya mkeka, akanyanyua uso, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu akanitazama. Mimi nami nikamtazama, sikuwahi kujua kwamba Josepha amechukua macho kwake. Hayakuwa macho ya hasira. Yangekuwa ya hasira ningejua la kufanya.

"Mwana wanje, mwanangu," aliniuliza taratibu, mbele ya ukoo mzima. "Usiku wa jana ulisikia baridi?"

Nikisema sikusikia, nimekiri. Nikisema nilisikia, nimemdanganya mama ambaye ameniombea rozari nzima, na yeye anajua, na anajua kwamba najua. Blanketi lilikuwa pale katikati yetu, zima, safi, halikuibiwa. Hilo ndilo nililokuwa nikimwomba Mungu tangu Ijumaa.

Nilimtafuta Josepha kwa macho anisaidie. Alikuwa ameshusha kanga kutoka mdomoni, na hakuwa akilitazama blanketi.

"Mjibu mama, Lusajo," alisema. "Na mimi nataka kusikia."